Ugoro Chini ya Mdomo Wako, Mama

Mama yangu wa Githongo,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndimo tulimokutana mimi na wewe. Kiembu changu kilikuchekesha, na Kimeru chako kilinipita kila ulipoongea upesi. Siku mwanao Mutwiri aliponileta kwenu mara ya kwanza, mkwe mgeni na begi langu moja, ulisema, "Wacha tuongee ile ya shule, hakuna mtu atamcheka mwingine." Tukaongea hiyo ya shule mpaka ulipoondoka. Uliniita mwari, yaani binti, na mimi nikakuita mama, ingawa nilikuwa na mama yangu Embu aliyenizaa.

Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka. Wewe mwenyewe ulisema nikae kimya ukiwa hai, kisha nikishakuzika niseme, labda kuna mtu itamsaidia. Mwaka mmoja na nusu umepita tangu tukuzike na bado nilikuwa nimenyamaza. Sijui nilikuwa nangoja nini. Labda niliona nikishalisema jambo hili halitakuwa letu tena.

Unakumbuka ile Disemba nilipokuja na mimba ya Karimi, miezi mitano, na shavu limevimba kama nimeficha limau? Gego la chini, upande wa kushoto. Mutwiri alikuwa ameenda kumwangalia ng'ombe wa jirani aliyegoma kula, maana hata akiwa likizo watu wanamtafuta muuza dawa za mifugo. Tulikuwa jikoni mimi na wewe, unamenya ndizi, mimi nimeshika shavu na machozi yananitoka. Ulinitazama, ukafuta mikono kwenye leso, ukaenda kuufunga mlango. Kisha ukaingiza mkono kifuani na kutoa kikopo kidogo cha mafuta ya kujipaka. Ndani hamkuwa na mafuta. Mlikuwa na unga wa rangi ya kahawia, na harufu yake ilinifikia kabla hujanisogezea.

"Weka kidogo hapo kwa jino. Usimeze mate."

"Mama, huu si ugoro?"

"Ni dawa."

"Lakini ni ugoro."

"Mwari, ukiuliza sana jino litaoza likingoja jibu."

Nilikuwa siamini macho yangu. Wewe, mwenyekiti wa akina mama kanisani, uliyewahi kumtoa kijana kwenye ukumbi wa harusi kwa sababu ananuka sigara! Nitakuambia ukweli ambao sikukuambia siku ile: maumivu yalikuwa makali, lakini si maumivu yaliyonifanya nichukue. Nilitaka kujua. Nilichota kwa ncha ya vidole nikauweka kwenye ufizi. Kwanza ukachoma kama pilipili, halafu ule upande wote ukaingia ganzi, halafu jiko likaanza kuzunguka. Nilitoka mbio nikatapika kwenye migomba, nikasukutua mdomo mara sijui ngapi, nikiogopa huenda nimemdhuru mtoto. Ulinifuata, ukanishika paji la uso kwa mkono wenye utomvu wa ndizi, na ulichosema si pole. Ulisema, "Usiambie Mutwiri."

Tuliporudi ndani ulivuta mdomo wa chini kwa vidole viwili, ukatia ugoro wako mahali pake, ukaufunga mdomo. Haikuchukua hata muda wa kupepesa macho. Mkono uliijua njia. Mambo mengi niliyokuwa nayaona bila kuyaelewa yakanifungukia hapo hapo: kwa nini ulicheka ukifunika mdomo na kiganja, kwa nini kanisani ulikaa mwisho wa benchi karibu na dirisha, kwa nini hukutoka nyumbani bila leso mbili.

Nikakuuliza ulianza lini. Ulijibu unakata ndizi.

"Nilikuwa nimeolewa mwaka wa tatu. Jino kama lako. Hospitali ilikuwa mbali, na njia yenyewe ni matope. Nililia siku tatu, nikashindwa hata kunyonyesha. Ndio mama ya Baba Mutwiri akanipatia. Alinionea huruma."

"Na jino?"

"Jino lilitoka zamani. Hii ndio ilibaki."

Mama, niliporudi Embu nilienda kwa daktari wa meno kabla hata sijafungua mzigo. Ni mwanamke wa rika langu, ana chumba kidogo ghorofani mjini. Alinisafishia gego, akaliziba, na nilipopata nafasi ya kufunga mdomo nikamuuliza swali nililokuwa nimelibeba kutoka Githongo: mtu akiweka ugoro mahali pamoja mdomoni miaka arobaini, kunatokea nini hapo? Daktari aliweka chini kioo chake.

"Ni nani huyo?"

"Nauliza tu."

"Sawa. Mwambie huyo wa kuuliza tu aje."

Akanieleza bila haraka. Kwamba ugoro hautibu jino, unalinyamazisha, na huku jino linaendelea kuoza. Kwamba tumbaku na magadi yaliyochanganywa nayo vinaunguza ngozi laini ya ndani ya mdomo kila siku, na ngozi hiyo, ili ijikinge, inakuwa nene na nyeupe. Kwamba ufizi unashuka na mizizi ya meno inabaki nje. Kwamba weupe huo mara nyingi hupungua mtu akiacha, lakini kuna mara nyingine ndani yake saratani inaanza, polepole, bila kuuma. Hilo la kutouma ndilo lililonishika. Nilikuwa nafikiri kitu kibaya lazima kiume.

"Ukimwona," aliniambia, "muulize kama kuna mahali ulimi wake unapenda kwenda kugusa. Watu wanajua kabla hawajajua."

Februari nikaja tena na tumbo langu limenitangulia. Nilikuta unamenya viazi kwenye kigoda nyuma ya jiko, na bila kujua nianzie wapi nikasema tu, "Mama, naomba nikuangalie mdomo."

Ulicheka mpaka kisu kikakutoka mkononi. "Unataka kunihesabu meno? Mimi ni mbuzi wa mahari?"

Nikakuambia yote aliyosema daktari. Ukasema madaktari wanatisha watu ili wapate kazi. Ukasema mama ya Baba Mutwiri alibwia ugoro mpaka akafa mzee na hakuna kilichomkata mdomo. Ukasema mimi nauliza maswali kama askari wa barabarani. Nilikuwa nimeshakata tamaa nilipokumbuka lile moja.

"Mama, ukiwa peke yako, ulimi wako unaenda kugusa wapi?"

Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yetu, na jirani alikuwa akipasua kuni. Nikaona shavu lako likisogea kidogo kutoka ndani, chini, upande wa kulia, na nikajua kwamba hata wakati huo ulimi ulikuwa umeenda.

"Washa tochi ya hiyo simu yako," ukasema.

Sijawahi kukueleza nilichoona, kwa sababu uliponiuliza nilisema "si mbaya sana." Nilidanganya. Ndani ya mdomo wa chini palikuwa na weupe wenye mikunjo, kama ngozi ya vidole baada ya kufua siku nzima. Meno manne ya mbele yalikuwa marefu, mizizi imechungulia nje, rangi ya majani ya chai. Na pembeni mwa ule weupe, kulia, palikuwa na kiraka chekundu kama punje ya hindi. Nilijifunga leso safi kidoleni nikakigusa.

"Inauma?"

"Haiumi hata kidogo," ukasema, kwa fahari, kama mtoto aliyepita mtihani.

Mutwiri tulimwambia nakupeleka Meru mjini upimwe macho, na yeye, maskini, akakununulia hata kamba ya kuvalia miwani. Kule hospitali tulimkuta daktari mwanamume, mtu mzima mwenye mvi. Ukagoma. Ulininong'oneza, sauti ikasikika chumba kizima, kwamba hujawahi kumfungulia mdomo mwanamume, hata Baba Mutwiri hakuwahi kuchungulia humo. Yule daktari hakucheka. Aligeukia ukutani, akasema, "Mama, ukiwa tayari uniite." Akasimama hivyo, mikono nyuma, akitazama kalenda. Baada ya muda ukasema, "Haya." Ndivyo alivyokupata.

Alipokuuliza umetumia miaka mingapi ulinitazama kwanza, kisha ukajibu, "Tangu bwana ya huyu hajazaliwa." Alikudunga ganzi, akakata kipande kidogo kuliko punje ya mchele, akakitia kwenye kichupa ili kipimwe. Ukaomba kukiona. Ulikishika kichupa mbele ya dirisha, ukakizungusha, ukauliza, "Na hiki ndicho kinajua?" Daktari akasema ndiyo, hicho ndicho kinajua. Nilikupenda sana dakika ile, mama. Mimi nilikuwa nimejaa hofu na wewe ulikuwa unataka kuona.

Wiki za kungoja majibu ndizo tulizozoeana kweli. Ugoro ulikuwa umekatazwa, na mwili ulikuwa unaudai. Ulinipigia simu kila asubuhi nikiwa kwenye cherehani yangu, nashona sare za shule. "Mwari, leo nimegombana na kuku." "Mwari, nimemwagia chai fundi wa paa, na hakuna kitu amefanya." Siku moja ulipiga ukasema mikono yako inatafuta kifuani kile kikopo hata ukijua umekitupa chooni. Nilikuuliza inahisi vipi, maana nilitaka kujua kweli. Ukasema, "Kama kungoja mtu ambaye nimemfukuza mwenyewe." Ulikuwa unatafuna mbegu za malenge zilizokaangwa mpaka ukachoka nazo.

Majibu yakaja. Daktari alituchorea kwenye karatasi: chembe zimeanza kubadilika, lakini bado haijawa saratani. Angekata kiraka chote, wewe usirudie ugoro, na kila baada ya miezi michache urudi akuangalie. Uliuliza swali moja tu: ungekaa hivyo mwaka mwingine, ingekuwa nini? Akasema hawezi kujua. Akaongeza, "Lakini nisingependa tujue."

Nje, kwenye ngazi, ulinishika mkono. Karimi alipiga teke tumboni nikakuweka kiganja hapo, na tukasimama tukizuia watu njia.

Kuna jambo ambalo hakuna daktari aliyetuambia. Kiraka kilikuwa kimeshakatwa, Karimi alikuwa na miezi mitatu, na ulikuwa umepika njahi, yale maharagwe meusi, na ndizi za kutukaribisha. Ulionja, ukakunja uso. Ukaonja tena.

"Nani ametia chumvi hivi?"

Mimi na Mutwiri tukaangaliana.

"Ni wewe, mama."

"Leo?"

"Siku zote," Mutwiri akasema. Alidhani ni utani.

"Na mlikuwa mnakula?"

"Tulikuwa tunakunywa maji mengi."

Ulikaa chini ukacheka, na kiganja hakikwenda mdomoni. Meno yako yalikuwa marefu na ya kahawia na mawili yalikuwa yameng'olewa, nami nilikuwa sijawahi kuona umependeza hivyo. Baadaye, tukiosha vyombo, ulininong'oneza kwamba umeanza pia kunusa: maziwa yakikaribia kuchemka, kichwa cha mtoto, mvua ikiwa bado upande wa mlimani. Kwa miaka yote ile ulikuwa unakisia tu.

Mwaka uliofuata ulimwambia rafiki yako, Mama Gitonga, siri ya ugoro wako. Mlikuwa mmekaa pamoja kwenye lile benchi la dirishani zaidi ya miaka thelathini, mnaimba kwa kitabu kimoja. Ulimwambia kwa hofu, na yeye akacheka, akaingiza mkono kifuani na kutoa wake. Uliponisimulia hukujua kama ulie au ucheke: kila mmoja alikaa pale dirishani ili mwenzake asinuse, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na pua ya kunusa. Ulimsihi aende hospitali. Akasema hana maumivu yoyote. Ulimwambia hilo ndilo baya lake, akakuambia umekuwa kama mkwe wako wa Embu.

Alipokwenda hatimaye, uvimbe ulikuwa umeshaingia kwenye taya. Nakumbuka ulivyokuwa ukimpelekea uji wa wimbi uliochujwa mara mbili, na mrija, ukimshikia kikombe. Walikuwa wamemkata upande mmoja wa taya na maneno yake hayakueleweka, lakini wewe ulikuwa unayaelewa, au ulimjibu kana kwamba unayaelewa. Siku tuliyomzika uliniuliza tukiwa tunavua viatu vya matope, "Tulibwia kitu kimoja. Kwa nini yeye?" Nimemuuliza hata daktari wangu wa Embu, akasema midomo haifanani na bahati haifanani. Jibu hilo halikuniridhisha, na nadhani hata wewe lisingekuridhisha.

Nawaza sana juu ya mama ya Baba Mutwiri, ambaye sikumkuta. Je, naye alipewa na mama mkwe wake? Alijua? Wakati mwingine nikiwa nashona namkasirikia, halafu nakumbuka mkono wako wenye utomvu ukinishika paji la uso. Ulinipa ulichopewa. Ulifunga mlango, ukatoa siri uliyowaficha mabinti zako wote wawili, ukaniwekea mimi mkononi, mgeni kutoka Embu, kwa sababu nilikuwa naumwa. Nikilitazama hivyo hasira inakosa mahali pa kukaa.

Moyo ndio uliokuchosha mwishoni, si mdomo. Nilikuja kukaa nawe wiki zile miguu ilipovimba. Asubuhi moja ukaniita, ukaniambia niende sokoni nikakutafutie ugoro, kidogo tu, wa kufungwa kwenye jani.

Nilisimama mlangoni. Nilifikiri: miaka saba, na sasa hivi? Nikafikiri pia: yuko hivi, mimi ni nani nimkatalie? Nikaenda. Niliununua kwa mama mmoja aliyenitazama kutoka kichwani hadi miguuni, na nikarudi nimeufumbata kama mwizi.

Uliomba nikuinue ukae. Ulifungua lile jani magotini, taratibu. Hukuchota. Uliinama ukanusa, ukarudisha kichwa nyuma haraka, ukapiga chafya mbili.

"Huu unanuka hivi?" ukasema. "Na mlikuwa mnakaa na mimi?"

"Tulikuwa tunakaa, mama."

Ukanusa tena, kwa mbali, kama mtu anayeangalia picha ya zamani na hajitambui.

"Kwa nini uliniambia nikakuletee?"

"Nilitaka kujua kama huu ugoro bado unaniita."

"Unakuita?"

"Unaniita," ukasema. "Lakini saa hii nasikia harufu ya chai ikichemka." Ukalikunja jani, ukanirudishia, ukaniuliza kama nimeweka tangawizi.

Nilikuwa nimeweka. Ulikunywa nusu kikombe.

Pumzika, mama. Sitakuambia kwamba nilikuokoa, kwa sababu mimi niliuliza tu, na wewe ndiye uliyekubali kufungua. Miaka saba uliinusa mvua kabla haijafika, na kwa hilo nakushukuru kwa niaba yetu sisi tuliokaa nawe barazani tukingoja uitangaze.

Ni mimi, mkaza mwanao,
mama yake Karimi,
Majimbo, Embu